Kupeleka Mtaa Mzima Pirates: Mwongozo wa Siku ya Bahari

Mtaa wetu wa Kisauni hushuka Pirates mara mbili tatu kwa mwaka. Madrasa ina siku yake, chama cha akina mama kina siku yake, na Idi Mosi ni ya kila mtu. Pirates ni jina la mdomoni. Kwenye maandishi ni ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, pale Bamburi, kando ya barabara ya Mombasa kwenda Malindi. Ni miongoni mwa sehemu chache za upande ule ambako mtoto wa mtu asiye na hoteli wala kiwanja cha ufuoni huingia baharini bila kuulizwa anakwenda wapi. Ndiyo maana naupenda, na ndiyo maana siku ya sikukuu hujaa watu mpaka mchanga hauonekani.

Nimekaa kwenye kamati za safari hizi miaka mingi. Kila mwaka huona vikundi vimepanga basi, pilau, spika na zawadi za watoto, kisha vikifika ndipo vinauliza maji yako wapi. Siku ya bahari hupangwa na maji. Ukishajua maji yatajaa saa ngapi na yatatoka saa ngapi, mambo mengine yote, kuanzia mpira mpaka pilau, hujipanga nyuma yake.

Hatua ya 1: Hesabu mwezi kabla ya kutangaza tarehe

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Mzee mmoja mvuvi ndiye aliyenifundisha kuhesabu. Nilimwendea na kalenda ya ukutani, nikamuuliza, "Mzee, Jumapili ya tarehe 14 maji yatakuwaje?" Akaniambia, "Mwanangu, hiyo tarehe ya ofisini mimi siijui. Niambie itakuwa mwezi ngapi."

Mwezi ngapi, yaani siku ya ngapi tangu mwezi kuandama. Kwa Mombasa hesabu huenda hivi.

Mwezi mosi hadi mwezi tatu, na tena mwezi 15 hadi 17, ni bamvua. Maji hutoka mbali sana asubuhi, yakawa yamepwa kabisa mnamo saa 4 au saa 5, kisha hujaa pomoni kati ya saa 10 na saa 11 jioni. Tofauti ya kimo kati ya kupwa na kujaa yaweza kupita mita 3. Hiyo ni nyumba ya chumba kimoja na paa lake.

Mwezi 8 na 9, na tena mwezi 23 na 24, ni maji mafu. Bahari haijai sana wala haitoki sana. Hujaa kabla ya adhuhuri na hupwa jioni. Mkondo ni mpole, lakini jioni, wakati watu wengi wanapofika, maji yanakuwa yamekwenda zake.

Baina ya hapo, mwezi 10 hadi 13 na mwezi 25 hadi 28, maji hujaa kati ya saa 6 mchana na saa 9 alasiri. Ukiwa na uhuru wa kuchagua siku ya watoto, chagua hizi. Asubuhi mnacheza mchangani, maji yanawafuata taratibu, mchana mnaogelea, na jioni mnaondoka huku bahari nayo ikiondoka.

Sasa tazama Idi. Idi ya Ramadhani ni Shawwal mosi, kwa hiyo huangukia bamvua kila mwaka, haina mwaka wa kukosa. Maana yake ni kwamba siku ambayo ufuo una watu wengi kuliko siku zote ndiyo siku ambayo maji yana nguvu kuliko siku zote, na hujaa jioni, wakati watoto wamechoka na wazazi wameanza kukunja mikeka. Maji yakishageuka baada ya saa 11 huanza kutoka kwa kasi, na kila kinachoelea kinavutwa nje, upande wa mwamba. Idi ya Kuchinja ni mwezi kumi, na maji yake hujaa mchana mapema bila ghadhabu kubwa. Kwa hiyo ratiba ya Idi hii usiihamishe kwenye Idi ile. Kamati yetu iliwahi kufanya hivyo, tukakaa kutwa tukitazama matope.

Hesabu hii ni ya kupangia tu. Saa kamili zichukue kwenye jedwali la maji la bandari ya Mombasa, au muulize mvuvi yeyote aliye na ngalawa pale pale. Na utabiri wa bahari wa Idara ya Hali ya Hewa usikilize siku mbili kabla.

Hatua ya 2: Tazama upepo na mvua

Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ndiyo msimu mzuri: maji ya moto, mepesi, unaona vidole vyako vya miguu. Kusi likishika, kuanzia Aprili mpaka Septemba, bahari huchafuka na mwani hutupwa ufuoni malundo kwa malundo. Mwani huo si taka. Hushika mchanga usibebwe na mawimbi, nao ni chakula cha viumbe wadogo ambao ndege na samaki wanawategemea. Vikundi vinavyokuja kufanya usafi wa ufuo huzoa mwani kwa majembe na kuacha vifuniko vya chupa. Iwe kinyume chake.

Mvua ya masika ni sababu ya kuahirisha bila aibu. Maji ya barabarani, na yanayotoka vyooni pia, huteremka na mifereji mpaka baharini. Baada ya mvua kubwa subiri siku mbili tatu, na hata jua likiwaka usiogelee karibu na mdomo wa mfereji. Ukiona bahari imekuwa rangi ya chai ya maziwa, cheza mpira mchangani urudi nyumbani.

Hatua ya 3: Ruhusa

Familia na majirani wanaokula na kuogelea hawahitaji barua ya mtu. Lakini ukileta hema, jukwaa, spika kubwa au mashindano yenye watazamaji, andikia serikali ya kaunti mapema, upeleke nakala kituo cha polisi cha karibu na kwa chifu. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinataka kibali kwa sauti inayopita kiwango, na kijana wa spika anapaswa kuwa na nakala yake mfukoni, isibaki nyumbani kwa mwenyekiti. Sehemu ya bahari iliyo mbele ya ufuo huu imo katika hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986 na kusimamiwa na KWS, yaani shirika la wanyamapori la Kenya. Kwa hiyo shughuli yoyote ya majini, kama mbio za ngalawa au za kuogelea, wajulishe na wao pia.

Tena kuna plastiki. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku kwenye fuo za Kenya pamoja na mbuga na misitu. Chupa za maji, sahani za kutupa, vijiko vya plastiki, vyote viache. Sisi hubeba mitungi ya maji ya lita 20, na kila mtoto huja na kikombe chake kilichoandikwa jina. Ni nafuu pia: fedha tulizokuwa tukinunulia maji ya chupa sasa hulipa basi la pili.

Hatua ya 4: Nenda ukaone, wiki mbili kabla

Bamvua hurudi baada ya takriban siku 15. Ukienda ufuoni wiki mbili kabla ya siku yako, utayakuta maji karibu na saa zile zile utakazoyakuta siku yenyewe. Kaa pale kutoka kupwa mpaka kujaa. Beba chai.

Maji yakiwa yametoka ndipo unaona sakafu ya bahari. Tembea sehemu mtakayoogelea, hatua kwa hatua, kwa miguu yako. Tafuta mashimo, mawe makali na majani ya bahari yaliyosongamana, maana humo ndimo wanamokaa wale wadudu wa miiba meusi mirefu. Angalia wapi mashua za vioo hupakia abiria, wapi ngamia na farasi hupita, wapi mfereji unamwaga. Mpaka wenu uwe mbali na vyote hivyo. Sisi huchagua sehemu yenye mchanga mtupu, upana wa hatua 40 hivi, na kuiwekea mipaka kwa bendera mbili nyekundu kwenye fito za mchangani. Mtoto anaambiwa: ukitazama nchi kavu, uzione bendera zote mbili, moja kulia na moja kushoto. Ukiona zote ziko upande mmoja, umebebwa.

Maji yakijaa, tazama yanaishia wapi. Pale juu mchangani utaona mstari wa mwani mkavu, vijiti na magamba ya nazi. Huo ndio mwisho wa maji. Mikeka, masufuria na wazee wakae juu ya mstari ule. Siku ya bamvua ufuo wa asubuhi ambao ungechezea timu nne kwa wakati mmoja, saa 10 jioni huwa ukanda mwembamba ambao watu hupishana kwa mabega. Nimeona sufuria ya biriani ikiokolewa na watu wanne, maji yakiwa magotini.

Hatua ya 5: Gawa watu kazi, kwa majina

"Tutawaangalia watoto wote kwa pamoja" maana yake hakuna anayemwangalia yeyote. Hii ndiyo hatua ninayoigombania kila mwaka kwenye kamati, na siichoki.

Andika orodha ya watoto. Gawa: watoto watano wasiojua kuogelea kwa mtu mzima mmoja, na aliye chini ya miaka sita awe umbali wa mkono, yaani ukinyoosha mkono umguse. Mtu mzima huyo hapigi picha, hapokei simu, hapiki. Anakaa zamu ya nusu saa kisha anapokewa, kwa sababu macho huchoka kwenye mng'aro wa maji. Anayempokea aseme kwa sauti, "Nimepokea watano," na awahesabu mbele ya mwenzake.

Kila mtoto apewe pacha wa majini, wa umri na urefu wake. Kipenga kikilia, pacha hushikana mikono na kuinyanyua juu. Mikono isiyo na mwenzake inaonekana mara moja. Sisi hupiga kipenga kila dakika 15. Mara ya kwanza watoto hunung'unika, mara ya tatu wanashindana nani wa kwanza kunyanyua.

Weka watu wawili waogeleaji wazuri, mmoja majini akisimama mahali maji yanapomfika kifuani, na mmoja mchangani na vifaa. Watoto wote wawe kati ya yule wa majini na nchi kavu. Siku za sikukuu huwa kuna waokoaji na askari ufuoni. Ukifika tu, nenda ujitambulishe kwao, waambie mko wangapi na mko wapi. Lakini wao wana ufuo mzima wa kuangalia, na wewe una orodha.

Vifaa ni vya nyumbani: kamba ya mita 20, mitungi mitupu miwili iliyofungwa vifuniko barabara, kipenga, siki, maji ya moto kwenye thamosi mbili kubwa, bandeji, kibano cha kutolea miiba, na simu moja iliyojaa chaji ambayo haitumiwi kwa muziki. Mtungi mtupu wa lita 20 uliofungwa kifuniko humwelesha mtu mzima vizuri kuliko vingi vinavyouzwa kama vifaa vya kuogelea.

Hatua ya 6: Nguo

Nguo ya buluu au nyeupe hupotea majini. Fanya jaribio: tumbukiza fulana ya buluu kwenye karai la maji ya bahari uitazame. Sasa tumbukiza ya machungwa. Fulana za watoto wetu wa madrasa ni za machungwa tangu siku tulipofanya jaribio hilo, na maalim aliyekuwa akipenda nyeupe alikubali mwenyewe papo hapo.

Kwa kina mama na wasichana: dera likilowa huwa zito na huzunguka miguu, na buibui ni zaidi. Anayetaka kuingia kupita magoti avae suruali nyepesi na fulana ndefu ya kitambaa kisichonyonya maji, au nguo ya kuogelea yenye stara ambayo siku hizi hushonwa na mafundi wengi mjini. Lililo muhimu ni miguu iwe huru. Akina mama wa chama chetu huweka shuka kubwa kwenye fito nne pale juu, kikawa chumba cha kubadilishia.

Miguuni raba kuukuu, siyo champali. Champali huvuliwa na wimbi la kwanza, kisha mtoto huifuata.

Hatua ya 7: Ratiba yenyewe

Hii ni ya siku ya bamvua, yaani ngumu kuliko zote, kwa Idi Mosi au Idi Pili ya Ramadhani. Ukiiweza hii, za siku nyingine utazipunguza mwenyewe.

Saa 3 asubuhi, kufika. Maji yanatoka. Kabla ya lolote, kila mtoto aonyeshwe alama ya kukutania akipotea. Chagua kitu kisichohama: mti, ukuta wenye rangi, nguzo. Usichague "pale kwenye ngamia". Mwaka mmoja mtoto wa jirani yetu alisimama kwa utiifu kabisa karibu na ngamia aliyeonyeshwa, na ngamia akaendelea na kazi yake mpaka mwisho mwingine wa ufuo. Tulimpata baada ya dakika 40. Mama yake hakuweza kula siku hiyo.

Saa 4 hadi saa 6, michezo. Mchanga uliolowa, maji yakiwa mbali, ni mgumu na wa baridi, kiwanja bora cha mpira kuliko vingi vya mitaani. Fanyeni mpira, kuvuta kamba, mbio za magunia, mbio za yai na kijiko. Mistari ichorwe kwa kisigino. Wanaotaka kwenda mwambani kutazama viumbe waende saa hizi na mtu mzima, lakini wageuke maji yanapokuwa yamepwa kabisa, wasingoje yaanze kuingia. Maji huingia kwa mlango wa nyuma: hujaza kwanza mabonde yaliyo kati yako na nchi kavu, na wewe bado umesimama pakavu ukiokota kombe. Na katika saa sita za kujaa, nusu ya maji yote huingia katika saa ya tatu na ya nne. Anayesema "bado kidogo" huwa ameshachelewa. Wala wasivunje matumbawe, wala wasitoe kombe na nyota wa bahari. Ile ni hifadhi.

Saa 6 hadi saa 8, sala, chakula, kivuli. Jua la hapa, nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, halina huruma saa hizi. Pilau, kachumbari, ndimu, maji mengi. Watoto watanunua viazi karai, kachri na mabuyu hata uwafunge kamba. Wape senti zao kidogo baada ya pilau, siyo kabla. Spika, ikiwa mnayo, ielekeze baharini na uiweke mbali na walinzi wa maji, wasikie mtu akiita.

Saa 8 hadi saa 9 na nusu, kuogelea mara ya kwanza. Maji yanaingia, na kinachoelea kinasukumwa upande wa nchi kavu. Huu ndio muda salama kuliko yote, kwa hiyo wasiojua kuogelea na wadogo waingie sasa. Hapa ndipo mnaweza pia kuwafundisha: kulala chali, masikio ndani ya maji, tumbo juu, mikono wazi, mtu mzima akiwa ameweka kiganja chini ya mgongo. Mtoto akijua kulala chali dakika mbili bila kushikwa, umempa kitu kikubwa kuliko kujua kurusha mikono.

Alasiri, wote nje. Kipenga kirefu, watu watoke, wahesabiwe kwa orodha jina kwa jina, wasali, wanywe maji. Sala imetusaidia sana katika hili: hakuna mtoto anayebishana na adhana.

Saa 10 na robo hadi saa 11, kuogelea mara ya pili, kwa wanaojua tu, na mashindano yao. Mbio ziende sambamba na ufuo, maji yasipite kifua. Usiwaelekeze bahari kuu waguse kitu warudi.

Saa 11 kamili, kila mtu nje, na asirudi. Maji yatakuwa yamejaa, yametulia, mazuri mno, na mtu atakwambia, "Si ndiyo kwanza yamekuwa matamu?" Mwaka mmoja kijana wa miaka kumi na moja alibaki kwenye tyubu kwa sababu tulimwonea huruma, akaomba dakika kumi. Kamba ya tyubu ilikuwa mkononi mwa kaka yake, naye akaiachia ili achukue aiskrimu. Nilipogeuka, tyubu ilikuwa ndogo. Haikuwa na haraka wala mtoto hakupiga kelele. Ilikuwa tu inakwenda, na yeye amekaa ndani akitutazama. Kijana mmoja wa mashua alimfuata kwa injini akamrudisha. Tangu hapo tyubu haziingii saa za maji kutoka, na wakati mwingine wote kamba hufungwa kwenye fito iliyochimbiwa ardhini. Asubuhi mapema nazo hazifai, kwa sababu upepo wa umande huvuma kutoka nchi kavu kuelekea baharini, na tyubu ni tanga.

Hatua ya 8: Kikitokea cha kutokea

Anayezama hapigi mayowe. Mdomo wake uko kwenye usawa wa maji, kichwa kimelala nyuma, mikono inabonyeza maji pembeni kama anayetaka kupanda ngazi, macho hayatazami popote. Haya yote huchukua chini ya dakika moja. Mtoto aliyekuwa akipiga kelele kisha akanyamaza, mtazame huyo kwanza.

Usiruke kumfuata mikono mitupu. Wengi huzama wawili kwa namna hiyo. Mrushie mtungi uliofungwa kamba, mwambie, "Kumbatia!" umvute. Ikibidi uingie, ingia na mtungi, uuweke kati yako na yeye.

Ukichukuliwa na mkondo mwenyewe, usishindane nao kuelekea ufuoni. Lala chali, nyanyua mkono mmoja, ngoja upungue, kisha ogelea kwa upande, sambamba na ufuo, mpaka utoke kwenye njia yake.

Akitolewa hapumui: msimgeuze kichwa chini, msimkamue tumbo. Hayo tuliyaona kwa wazee wetu, nao walifanya kwa mapenzi, lakini huchelewesha pumzi. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi 5. Asipozinduka, bonyeza katikati ya kifua mara 30, haraka, karibu mara mbili kila sekunde, kisha pumzi 2, na uendelee bila kukoma huku mwenzako akipiga 999 au 112. Hata akizinduka na kucheka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, maana maji yaliyoingia mapafuni huweza kumletea shida saa kadhaa baadaye.

Mengine ni madogo. Mwiba wa samaki taa: chovya mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kustahimili bila kuungua, nusu saa au zaidi, na hospitali ikiwa mwiba umebaki. Ili usimkanyage taa, buruta miguu mchangani badala ya kuinyanyua; atakusikia aondoke. Miiba ya wale weusi: iliyo juu juu toa kwa kibano, iliyoingia ndani lowesha kwa siki au maji ya moto. Vijana wa ufuoni hupaka utomvu wa papai bichi, na nimeona watu wakipata nafuu, ila usifinye kwa chupa kama wafanyavyo wengine. Jua likimzidi mtu, kichwa kikamuuma na ngozi ikawa kavu ya moto, peleka kivulini, mwagie maji, mpepee, na kama anaweweseka ni hospitali mara moja.

Hatua ya 9: Kuondoka

Saa 11 na nusu, watoto wasuuzwe chumvi kwa maji ya mitungi, kikombe kimoja kichwani na kimoja miguuni, wavae nguo kavu. Taka zote zipakiwe kwenye magunia na zirudi na basi, maana mapipa ya ufuoni siku ya Idi huwa yamejaa tangu adhuhuri na kunguru wameshayafungua.

Hesabu ya kwanza mchangani, ya pili barabarani kabla ya kupanda, ya tatu basi likiwa limewashwa na mlango umefungwa. Barabara ya Malindi jioni ya sikukuu ni hatari kama bahari, na watoto wenye furaha huivuka wakitazama nyuma. Mtu mmoja wa kamati asipande na wenzake. Huyu hurudi ufuoni peke yake, akatembea kutoka bendera moja hadi nyingine kwenye ukingo wa maji, akiangalia champali, vikombe, mtu. Maji yakiwa yamerudi nyuma hatua kumi na mchanga ni mtupu, ndipo hung'oa bendera na kupiga simu kwamba basi liondoke.